Kanga wa Juani, Kororo wa Kivulini

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, anayesema kwamba kanga bado wapo hasemi uongo. Wapo. Utawakuta wakiparua mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, utawakuta porini ukielekea Uvinza, na utawakuta kwenye nyua za watu wakifugwa pamoja na kuku. Ila yuko ndugu yao ambaye habari yake haimo katika jibu hilo, naye ni kororo. Wote wawili ni weusi wenye madoa, wote hutembea kwa makundi, wote huamini miguu kuliko mbawa, na wote wakifika jikoni hawaulizwi ukoo. Wengi wetu tumekua tukiwaita kanga, basi. Naamini mazoea hayo yanatuficha jambo zito, kwa kuwa ndege hawa wanaishi katika nchi mbili zilizopakana, na moja kati ya nchi hizo inapungua huku tukitazama.

Tuanze na kichwa, maana kichwa hakidanganyi. Kanga ana pembe. Ni mfupa uliochomoza kwenye fuvu lake na kufunikwa ngozi ngumu. Uso na shingo havina manyoya. Ngozi ni ya bluu, na mashavuni huning'inia vinyama viwili vyenye wekundu. Mwili wake ukiutazama kwa mbali ni wa kijivu. Ushike unyoya wake mmoja mkononi, ndipo utakapojua kijivu hicho kimetoka wapi: unyoya wenyewe ni wa giza, juu yake yamepangwa matone meupe ya mviringo, na kati ya tone na tone kuna vistari vyembamba sana ambavyo jicho la mbali haliwezi kuvitenga. Weusi na weupe vimechanganyikia machoni mwako, si mwilini mwa ndege.

Kororo hana pembe. Utosini ana kishungi cha manyoya meusi yaliyojikunja, yamejaa na kusimama, na upepo ukipita yanatikisika. Weusi wake ni weusi kwelikweli. Matone yake ni madogo zaidi na yana ubluu ndani yake, kiasi kwamba akipita penye mwanga hafifu hung'aa bluu mwili mzima. Kororo wa pande zetu ana alama nyingine ambayo ukishaijua huwezi kuisahau: madoa yanapanda kifuani, kisha yanakoma ghafla, na hapo huanza ukosi mweusi mtupu unaoizunguka shingo mpaka inapoanza ngozi isiyo na manyoya. Akishtuka na kuruka, ukingo mweupe hujitokeza kwenye bawa. Kanga akiruka, ukingo huo huuoni.

Sauti nayo inawatenganisha. Kanga ana kelele kavu ya kukereza, inayoanza na mmoja na kudakwa na kundi zima, na mkulima huisikia akiwa ng'ambo ya bonde. Jike ana mwito wake wa sauti mbili, ya pili ikipanda, na huo ndio msaada wa haraka wa kumjua, kwa kuwa kwa sura jike na dume wamefanana. Kororo hukoroma. Sauti yake ni nzito, hukatika na kuanza tena, na huzidi jioni kundi linapopanda mitini kulala.

Alama hizi zote, pembe na kishungi, ukosi na mkoromo, zinatumika vizuri zaidi kwa mtu aliyekwisha kujibu swali la kwanza: yuko wapi? Kanga anataka kuona mbali. Anakula akitembea: mbegu za nyasi, mizizi laini, mchwa, panzi, na punje zilizobaki baada ya mavuno. Ngozi tupu ya kichwa na shingo humsaidia kutoa joto mwilini wakati wa jua kali. Mahitaji yake hayazidi uwanda wenye nyasi fupi, maji ambayo kundi huyaendea kwa mstari mmoja, na mti wa kulala. Kiangazi makundi huungana hadi kufikia makumi, pengine mamia. Mvua zikianza hutawanyika wawili wawili kwenda kutaga. Miombo yote inayotuzunguka, ile misitu ya wazi inayopukutisha majani na kuungua moto kila mwaka, ni nchi yake.

Kororo anataka kivuli. Anataka sakafu yenye majani makavu ya kufukua, vichaka vya kujificha, na miti mikubwa inayodondosha matunda kwa zamu mwaka mzima. Makundi yake ni madogo, mara nyingi hayazidi thelathini. Hutoka ukingoni mwa msitu asubuhi na jioni, hata hufika njiani mvua ikinyesha, lakini ukimfuata atakurudisha kwenye giza la majani alikotoka.

Mwambao wetu umeziweka nchi hizi mbili karibu kuliko sehemu nyingi. Ukitoka Kibirizi kwa boti kuelekea kaskazini, milima inashuka moja kwa moja ziwani. Huko Gombe, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, mabonde ya Kakombe, Kasekela na Mitumba yana msitu wa kijani kando ya vijito vyake; ukipanda mteremko unaingia kwenye miombo, na ukifika juu kabisa unakuta nyasi. Mtu mwenye miguu mizuri anavuka nchi tatu kabla ya saa sita mchana. Kusini zaidi, Mahale, jambo hilohilo limefanyika kwa ukubwa. Safu ya milima ambayo kilele chake, Nkungwe, kina mita 2,462, imesimama kando ya ziwa. Upande wa magharibi unaotazama maji una msitu mnene, ule wa Kasoge, ambako Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kuwafuatilia sokwe mwaka 1965, miaka 20 kabla ya Mahale kutangazwa hifadhi ya taifa. Upande wa mashariki ni mkavu zaidi, na miombo inaendelea hadi macho yanapochoka. Mlima mmoja, na migongo yake miwili ni makazi ya ndugu wawili.

Niliwahi kusimama chini ya mkuyu kwenye msitu huo wa magharibi pamoja na mzee wa Kitongwe aliyezoea kuongoza wageni. Nilikuwa nimesikia mkoromo, lakini mbele yangu niliona majani tu.

“Mzee, nitawaonaje na giza lenyewe ndilo hili?” nilimuuliza kwa sauti ndogo.

“Acha kutafuta ndege, mwanangu. Tafuta kima. Kima wakila juu, chini lazima kuna wageni wao.”

Kima walikuwapo juu kweli, wakichuma tini, wakiuma mara moja na kutupa. Nikashusha macho pale matunda yalipokuwa yakiangukia. Kwanza niliona mguu ulioinuliwa ukasimama hewani, kisha kishungi, kisha ndege mzima. Alipiga majani kwa mguu mmoja, akapiga kwa mwingine, akarudi hatua moja nyuma kutazama kilichofunuka. Aliokota tini iliyoumwa nusu, akaibwaga, akadonoa kilichokuwa kikitambaa ndani yake. Wenzake walitokea mmoja mmoja kutoka pande ambazo nilikuwa nimekwisha kuzitazama. Ghafla kima mmoja alipiga ukelele wa hatari, na hapohapo kororo wote wakaganda. Sekunde chache baadaye walikuwa wamekwisha ingia kichakani kwa miguu, bila hata mmoja kufungua bawa.

Alichonifundisha mzee yule kimeandikwa pia na watafiti wa sehemu mbalimbali za Afrika: kororo hufuata makundi ya kima na kuokota chini yao matunda, mbegu na wadudu, hata vile vinavyopatikana katika kinyesi. Anakula kinachodondoka, na juu yake yako macho mengi yanayolinda. Kwa hiyo huwezi kumtoa kororo ukamweka peke yake katika hesabu. Anayemtaka kororo anautaka mkuyu. Anayeutaka mkuyu anawataka kima na ndege wanaozisambaza mbegu zake. Na wote hao wanautaka mto usiokauka. Kanga anaweza kuishi kwenye shamba lako. Kororo hawezi kuishi mahali ambapo msitu umebaki jina.

Nadhani hapo ndipo kanga alipotutangulia kuwa maarufu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilipita katika nchi yake. Burton na Speke waliofika Ujiji Februari 1858, na Stanley aliyemkuta Livingstone hapo mwaka 1871, walikuwa wametembea majuma mengi miomboni, na nyama ya kanga ilikuwa miongoni mwa vitoweo vya njiani. Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 nayo ilikata katikati ya nchi hiyo ya jua. Msafiri hukutana na kanga hata asipomtafuta. Kororo hukutana na mkazi wa bondeni, aliyekwenda kuchota maji au kutafuta kuni, na habari zake zikabaki hukohuko bondeni.

Vitabu navyo vilimfikia kwa kuchelewa. Kanga alikuwa amepewa jina la kisayansi na Linnaeus tangu mwaka 1758, na Wagiriki wa kale walikuwa wakimjua karne nyingi kabla ya hapo. Kororo wa kwetu Afrika Mashariki aliandikwa mwaka 1861 na Gustav Hartlaub, daktari wa Bremen, kutokana na ndege wa Unguja. Kwa muda mrefu kororo wote walihesabiwa kuwa spishi moja. Siku hizi orodha kubwa za ndege zinawagawa watatu: wa mashariki, wa magharibi na wa kusini. Kororo wa Unguja na pwani ya kaskazini ana ngozi nyekundu kuzunguka macho, na madoa yake yanapanda hadi shingoni bila ukosi mweusi. Mweke kando ya kororo wa Mahale, hata mtoto ataona kwamba si yuleyule. Na ukivuka ziwa ukaingia misitu ya mashariki ya Kongo, yuko ndugu mwingine tena, ambaye manyoya ya kichwani kwake hayakujikunja bali yamesimama wima.

Kanga, kwa upande wake, ni spishi moja kutoka Senegali hadi Afrika Kusini. Ana matawi yake, na moja limepewa jina la Marungu, zile nyanda za juu zilizo ng'ambo ya ziwa letu, ambako Mjerumani Richard Böhm alikusanya ndege kabla ya kufariki mwaka 1884. Lakini matawi hayo hukutana na kuchanganyika, kwa sababu nchi ya kanga imeungana. Anaweza kutembea kizazi baada ya kizazi kutoka pori hadi pori asikutane na ukuta. Nchi ya kororo imekatika vipandevipande. Msitu wa pwani uko peke yake, msitu wa ziwani uko peke yake, na katikati kuna mamia ya kilomita za miombo na nyika ambazo hawezi kuzivuka. Kila kundi likabaki kwake, likalea alama zake, mpaka huyu akawa na ukosi na yule hana. Tofauti ninayoiona shingoni mwa kororo ni historia ya misitu ya Afrika iliyoandikwa kwa manyoya.

Historia hiyo inatisha pia, kwa kuwa inatuambia kwamba kororo akiondoka mahali hana pa kurudia. Kanga wakimalizwa katika kijiji kimoja, wa kijiji jirani watafika. Kororo wakimalizwa katika bonde moja, na bonde la pili limetenganishwa nalo na vilima vitupu, basi wamekwisha. Hata uzazi wao unasema hivyo. Jike wa kanga hutaga mayai sita hadi kumi na mawili kwenye shimo dogo alilolificha nyasini. Kororo mara nyingi hutaga manne au matano. Mayai ya kanga yakiokotwa hulaliwa na kuku na kutotolewa uani, na kanga wa kufugwa wameenea duniani kote. Kororo hajawahi kuwa ndege wa uani. Wahenga walisema kanga hazai ugenini, wakimsifu kwa kujua kwao. Mimi naona kwamba aliyestahili zaidi methali hiyo ni kororo, maana yeye ndiye ambaye ugeni kidogo tu unamtosha kuacha kuzaa.

Sasa fikiria bonde moja nje ya hifadhi, kati ya mengi yaliyo nyuma ya vijiji vya mwambao. Miti ya kando ya mto inakatwa kwa mbao na mkaa, kisha panalimwa mihogo, kisha michikichi inapandwa. Kima wanahama au wanauawa kwa kula mazao. Kororo ananyamaza. Msimu wa pili baada ya hapo, kanga wanateremka kutoka mteremkoni na kuanza kuparua pale palipokuwa na msitu, kwa kuwa nchi imekuwa yao. Mtu akija kuuliza habari za ndege wa hapo, atajibiwa kwa moyo safi kwamba kanga wapo, tena wameongezeka. Ndege mmoja ametoweka na mwingine ameingia, na daftari la kijiji halionyeshi badiliko lolote.

Yametokea hivyo kwingine. Morocco ilikuwa na kanga wake wa porini, tawi la peke yake kaskazini ya Sahara, lililotengana na ndugu zake wote kwa jangwa. Inaaminika wametoweka porini. Duniani kanga wako mamilioni, na hata huko Morocco mtu anaweza kufuga kanga wa dukani, lakini wale wa kwao hawarudi. Wingi wa jumla haukuwasaidia.

Nayasema haya nikijua kwamba katika Orodha Nyekundu ya kimataifa kanga na kororo hawatajwi kuwa hatarini. Orodha hiyo inatazama dunia nzima, na inafanya kazi yake. Kazi ya kutazama bonde moja nyuma ya Mwamgongo au Kalya ni ya watu wa Mwamgongo na Kalya, na ni yetu sisi wa Kigoma na Ujiji tunaokula samaki wa ziwa ambalo maji yake hupokea udongo wa mabonde hayo. Msitu unaomficha kororo ndio unaoushika udongo mvua za masika zinapopiga. Ukikatwa, tope linafika kwenye miamba ya ufukweni ambako samaki huzaliana.

Marehemu Jane Goodall, aliyefika Gombe Julai 1960 kwa ajili ya sokwe, alitazama kutoka angani miaka ya mwanzo ya 1990 akaona vilima vilivyoizunguka hifadhi vimebaki vitupu. Mwaka 1994 taasisi yake ilianza mradi wa TACARE, ikapanda miti na kufanya kazi na vijiji juu ya maji, afya na mipango ya ardhi. Kuna vijiji vilivyotenga misitu yao na kuweka walinzi wa kuikagua. Ombi langu kwa walinzi hao ni dogo: pamoja na visiki na nyayo, waandike pia mkoromo wa jioni. Hauhitaji darubini wala cheti. Unahitaji mtu anayejua kwamba sauti ile ya kukereza kutoka shambani ni ya mwingine.

Na kwa sisi wengine, sheria imekwisha tuonyesha pa kuanzia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na ufukwe wa ziwa. Kwenye ramani ya kijiji ni mstari mwembamba, na mkulima mwenye eka mbili ana haki ya kuuliza kwa nini aache ardhi yenye rutuba kuliko yote. Jibu la kwanza ni maji yake mwenyewe. La pili ni kwamba mstari huohuo, ukiachwa ukaota kila upande wa mto, unakuwa mita 120 za kivuli zinazoshuka kutoka mlimani hadi ziwani, na bonde likiungana na bonde kwa vilima vilivyorudishiwa miti, nchi ya kororo inaacha kuwa vipande. Kanga hatapoteza kitu. Mashamba na miombo vinamtosha. Tunaweza kuwa nao wote wawili, kila mmoja mahali pake, kwa gharama ya kuwatambua na kuuacha ukingo wa mto ubaki ukingo wa mto.